Masinki Yasiyohesabiwa

Mhandisi ninayetaka kuwaeleza habari zake hufanya kazi na kalamu mbili za rangi, ya buluu na nyekundu. Mezani hutandaza michoro ya mabomba ya jengo, ghorofa baada ya ghorofa, na pembeni huweka orodha ndefu ya kila choo, kila bafu na kila sinki, kila kimoja na nambari yake. Sinki litakaloingia kwenye hesabu hulizungushia buluu. Lisiloingia, nyekundu. Nilikaa naye tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na kalamu iliyonivutia ni ile nyekundu.

Kazi yake ni kuhesabu maji ya majengo yanayoomba cheti cha LEED, mfumo wa kupima majengo rafiki kwa mazingira uliobuniwa na Baraza la Majengo ya Kijani la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1993. Mfumo ni wa Kimarekani lakini umetembea sana, na hata Nairobi yapo majengo yenye cheti hicho. Katika toleo la 4, lililotoka mwaka 2013, sharti la maji ya ndani ni kwamba jengo litumie pungufu kwa asilimia 20 likilinganishwa na jengo la kawaida. Anayetaka alama za ziada hupanda ngazi: asilimia 25, 30, 35, mpaka 50.

Jengo hilo la kawaida halipo popote duniani. Limo hesabuni tu. Lina watu walewale wa jengo lako, wanaokwenda chooni mara zilezile na kunawa mara zilezile, ila vyombo vyake ni vile ambavyo sheria na viwango vya Marekani vinamruhusu kila mtu kufunga. Choo chake humwaga lita 6 kila kinapovutwa, kipimo kilichowekwa na sheria ya nishati ya Marekani ya mwaka 1992. Choo cha haja ndogo ni lita 3.8. Bomba la kunawia la umma hutoa lita 1.9 kwa dakika, bomba la sinki la jikoni lita 8.3, na bafu lita 9.5. Tabia za watu nazo zimeshaandikwa: mfanyakazi wa kutwa hunawa mara 3, kila mara sekunde 30, hutumia sinki la jikoni mara 1 kwa sekunde 15, mwanamke huenda chooni mara 3, mwanamume mara 1 na haja ndogo mara 2. Huruhusiwi kusema wafanyakazi wa jengo lako wana haraka zaidi ya wengine. Kinachoweza kubadilika ni chombo tu.

Nilimwuliza, sasa ugumu uko wapi, Mama, kama kila kitu kimo kwenye jedwali? Akacheka kidogo. "Mwanangu, jedwali lina mistari sita. Jengo lina masinki ya namna ishirini."

Hapo ndipo ufundi wake unapoanzia. Kwa kila sinki ambalo jedwali halilitaji huuliza swali moja, na hulisema kwa sauti, kama anayeongea na mchoro: anayefunga bomba hili, analifunga kwa sababu gani? Ukinawa mikono chooni, unafunga kwa sababu umeona inatosha. Muda wako ni uleule, bomba likitoa sana au kidogo. Kwa hiyo bomba linalotoa kidogo linaokoa maji kwelikweli. Lakini wapo wanaofunga bomba kwa sababu chombo kimejaa. Hao muda wao unategemea bomba, na maji yao yanategemea chombo. Ukiwapunguzia mtiririko hujawapunguzia maji, umewaongezea kusimama.

Aliniwekea mfano anaoutumia kuwafundisha vijana wake. Ofisi ya watu 100, nusu wanawake, nusu wanaume. Vyoo vya jengo la kulinganishia ni lita 1,200 kwa siku, haja ndogo 380, kunawa 285, jikoni 207.5. Jumla lita 2,072.5. Kisha mmiliki anafunga vyombo vya kubana maji: choo cha lita 4.8, cha haja ndogo cha lita 1.9, bomba la kunawia la lita 1.3 kwa dakika, la jikoni la lita 5.7. Jumla inashuka hadi lita 1,487.5. Gawanya, unapata upungufu wa asilimia 28.2. Jengo limepita ngazi ya 25 na kupata alama moja. Ya 30 limeikosa kwa tundu la sindano.

"Sasa ngoja nikuonyeshe wizi," alisema.

Akaliwekea kidole sinki moja kwenye mchoro, dogo, karibu na ngazi. Ni sinki la mfanya usafi, lile pana la chini, lenye bomba lililochomoza ili ndoo ikae vizuri. Tuseme mtu aliite sinki la jikoni. Jengo la kulinganishia litalipa lita 8.3 kwa dakika. Yeye atafunga kwenye mdomo wa bomba kile kichungi cha kusokota kinachobana maji yawe lita 3.8. Ataandika kwamba bomba hufunguliwa dakika 20 kwa siku, jambo ambalo hakuna atakayelitilia shaka. Upande mmoja zinaongezeka lita 166, upande wa pili lita 76. Akapiga hesabu upya mbele yangu, polepole, kwa mkono: akiba ya lita 675 gawanya kwa jumla mpya ya 2,238.5. Asilimia 30.15. Ngazi imepandwa, alama ya pili imepatikana, na kilichofanya kazi yote hiyo ni sinki moja la ngazini.

Nilitaka kuliona sinki lenyewe. Kwenye ofisi yake lipo kama hilo, nikaenda kusimama na dada anayefanya usafi. Ndoo yake ni ya lita 10, ya plastiki, mpini umefungwa kitambaa usimkate mkono. Alifungua bomba mpaka mwisho, akamimina sabuni, akageuka kukamua dekio, na alipogeuka tena ndoo ilikuwa imefika pale anapotaka. Dakika moja na kidogo. Kila kitu katika mwendo ule kilikuwa kimepimana: muda wa kukamua ni muda wa kujaza. Nilimweleza juu ya kichungi cha lita 3.8. Alifikiri, akasema basi itabidi aiache ndoo aende kufuta meza, na akichelewa kurudi maji yatakuwa yanamwagika sakafuni.

Nilirudi mezani nikapiga hesabu yangu. Kwa lita 8.3 kwa dakika ndoo ya lita 10 hujaa kwa sekunde 72. Kwa lita 3.8 huchukua dakika 2 na sekunde 38. Zile lita 166 ni ndoo 16 na kidogo. Sakafu bado ni ileile, ndoo ni zilezile 16, lakini dakika 20 za kusubiri zimekuwa karibu 44. Zile lita 90 za tofauti (166 toa 76) hazikutoka kwenye bomba wala kwenye tangi. Zilizaliwa karatasini, na zilipaswa kulipiwa na miguu ya yule dada.

Ndiyo maana jedwali lenyewe, kwenye mstari wa bomba la jikoni, lina maneno machache yanayoyaondoa mabomba ya kujazia tu. Ni rahisi kuyapita bila kuyaona. Mhandisi wangu ameyapigia mstari kwenye nakala yake mara mbili, kwa wino uliofifia, maana yake ni kwamba aliyaona zamani. Bomba la kujazia masufuria juu ya jiko la hoteli linatoka kwa maneno hayohayo. La ndoo pia. Hapo kalamu nyekundu huzunguka bila swali.

Hospitali ni habari nyingine. Alinionyesha michoro ya moja, na ghorofa ya vyumba vya upasuaji ilikuwa imejaa duru nyekundu. Sinki la kunawia kabla ya upasuaji ni la chuma, lenye kina ili maji yasiruke, na bomba lake hufunguliwa kwa goti, kwa mguu au kwa kuhisi mkono, kwa sababu aliyekwisha kunawa hashiki kitu. Daktari husugua kuanzia vidoleni mpaka kiwikoni, mikono ameinua juu, maji yadondokee viwikoni na yasirudi kwenye vidole vilivyo safi. Jedwali halina mstari wa sinki hili, na haliwezi kulazimishwa likae kwenye mstari wa sinki la chooni. Yule wa chooni ananawa nusu dakika na kuondoka. Huyu ana mgonjwa amelala mlango wa pili.

Je, maji ya pale hayaokoki? Yanaokoka, ila kwa njia nyingine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono unasema kunawa kwa dakika 2 hadi 5 kunatosha, na kwamba zile dakika 10 za zamani hazihitajiki. Mabadiliko hayo ya kitabibu nayo huokoa maji. Kisha kuna lile goti. Daktari anaposugua kwa sabuni bomba limefungwa. Hulisukuma tena anapotaka kusuuza. Mhandisi huyu humshauri mwenye hospitali afunge mabomba ya goti kila mahali panapofaa, halafu haweki hata tone la akiba hiyo kwenye hesabu ya cheti. Nilimwuliza kwa nini. Akasema kwamba mfumo haumpi mahali pa kuiweka, na yeye haendi kuitafutia mahali.

Vichungi vyenyewe ana uadui navyo wodini, na uadui huo una sababu. Kichungi cha mdomoni huchanganya maji na hewa, na wavu wake mdogo hushika uchafu, na penye uchafu na unyevunyevu bakteria hujenga makazi. Mwishoni mwa 2011 na mwanzoni mwa 2012 huko Ireland ya Kaskazini watoto wachanga walikufa kwa maambukizi ya bakteria waitwao Pseudomonas, na uchunguzi ukaelekea kwenye mabomba ya wodi. Bakteria hao walikutwa kwenye vipande vilivyomo ndani ya midomo ya mabomba, vilivyowekwa kunyoosha mtiririko. Mhandisi wangu anaijua habari hiyo kwa undani. Wodi ya watoto njiti ikitokea kwenye mchoro hupunguza mwendo kabisa, na huita watu wa kudhibiti maambukizi kabla hajaandika kitu.

Maabara hatukukaa nayo sana. Sinki la kuoshea vyombo vya kioo ni la kujaza na kusuuza, nyekundu. Bomba la kuoshea macho yaliyorukiwa na kemikali ni nyekundu bila mjadala: kiwango cha Marekani kinataka litoe angalau lita 1.5 kwa dakika kwa dakika 15 mfululizo. Bafu la dharura la ukutani ni lita karibu 76 kwa dakika, kwa dakika 15 vilevile, zaidi ya lita 1,100 kwa ajali moja. Anayetaka kubana maji hayo hajawahi kuona mtu aliyemwagikiwa tindikali.

Lakini kuna mtego ambao yeye huuona mbaya kuliko wa ndoo, kwa sababu haufanani na mtego. Jedwali linagawa mabomba ya kunawia mafungu mawili: ya faragha na ya umma. Ya faragha ni ya nyumbani, ya chumba cha hoteli, na ya chumba cha mgonjwa hospitalini. Jengo la kulinganishia huyapa lita 8.3 kwa dakika. Ya umma ni mengine yote, na huyapa lita 1.9 tu. Sasa chukua bomba linalotoa lita 5.7. Ukiliandika kuwa la faragha, umeokoa asilimia 31. Ukiliandika kuwa la umma, umezidisha kiwango mara tatu. Ni bomba lilelile, ukuta uleule. Neno moja tu kwenye safu ya pili ya jedwali. Choo cha mkurugenzi, chenye mlango wake na ufunguo wake, ni cha faragha au cha umma? Wengi huandika faragha, na wanaamini wanachoandika. Yeye huandika umma, kwa sababu kimo kwenye ofisi, na aliye ndani yake ni mfanyakazi anayenawa mara 3 kwa siku kama wengine.

Kuna jambo moja alilonifundisha ambalo sikulitegemea, nalo ni la kwetu hasa. Lita 8.3 au 1.9 kwa dakika hupimwa kwenye shinikizo la kilopaskali 415, shinikizo la maji ya mjini Marekani. Kwetu nyumba nyingi hulishwa na tangi la juu ya paa. Tangi likiwa mita 10 juu ya bomba, shinikizo ni kilopaskali 98 hivi, na bomba lisilo na kifaa cha kusawazisha litatoa chini kidogo ya nusu ya kile kilichoandikwa kwenye boksi. Mtu mwingine angelitumia hilo: angepima bomba lake hapa kwa ndoo na saa, apate lita 4, kisha ajilinganishe na lita 8.3 za jedwali na kujisifu. Mhandisi wangu hulinganisha bomba na bomba kwenye shinikizo lilelile. Anajua kwamba anaandika namba kubwa kuliko maji yatakayotoka, pande zote mbili, na anajua kwamba ndivyo inavyopasa ili mizani isilale. Halafu kwenye barua kwa mwenye jengo, mbali na hesabu ya cheti, humweleza maji yatakayotoka kwelikweli, ili anunue tangi la ukubwa unaostahili.

Karibu na adhuhuri tulifika kwenye chumba kilichoandikwa kwenye mchoro "udhu". Jengo lilikuwa na msikiti mdogo ghorofa ya chini, na ukutani mabomba manane kwa mstari, chini yake mfereji wa kupokea maji, mbele yake viti vya saruji. Jedwali la Marekani halina udhu. Linajua mikono tu. Halijui kusukutua, uso, kupaka kichwa, miguu mpaka vifundoni. Kalamu zote mbili zilikaa chini.

Akauliza swali lake. Anayefunga bomba hili analifunga kwa sababu gani? Nikamjibu mimi, maana hapa nilikuwa mwenyeji kuliko yeye: amemaliza viungo vyake. Anahesabu mara tatu, hahesabu dakika. Nikamweleza kwamba Mtume, kwa hadithi iliyo sahihi, alitawadha kwa kipimo ambacho sisi tunakiita kibaba, na kuoga kwa pishi, yaani vibaba vinne, au zaidi kidogo; na kibaba cha maji hakifiki lita. Nikamwambia pia habari za mabirika ya misikiti ya kale ya pwani, ambako waumini waliteka maji kwa kata wakatawadha bila bomba linalotiririka. Aliandika yote. Kisha akasema kitu ambacho nimekikumbuka tangu siku ile: kwamba hapa akiba ni ya kweli, kwa sababu bomba huachwa wazi mtu anapopaka kichwa na anapovua soksi, na bomba la kubonyeza linalojifunga lenyewe lingeokoa maji hayo bila kumharakisha mtu katika ibada yake. Lakini kwa cheti? Hakuna kipimo cha kulinganishia ambacho hakikutungwa na mtu anayetaka alama.

Akachukua ile nyekundu, akayazungushia mabomba yote manane duru moja. Chini yake akaandika kwa mwandiko mdogo: hayahesabiwi, yafungwe mabomba ya kujifunga, maji ya mfereji yatenganishwe na ya vyoo ili yamwagilie bustani. Msikiti mkuu wa Cambridge, Uingereza, uliofunguliwa mwaka 2019, uliweka tangu mwanzo mpango wa kutumia tena maji yaliyokwisha kutumika pamoja na ya mvua, kwa vyoo na bustani, kwa hiyo hakuwa anaota.

Ukilitazama jambo hili kwa haraka utaona mtu anayejinyima alama. Mimi namwona fundi. Yeyote anaweza kujumlisha lita. Mashine inajumlisha vizuri kuliko yeye. Anachokijua yeye ni mtu aliyesimama mbele ya kila bomba, anataka nini na ataondoka lini, na anamjua kwa michoro tu, kabla jengo halijasimama. Mfanya usafi hajui kwamba kuna mtu aliyemtetea dakika zake 24. Daktari hajui kwa nini bomba lake halina kichungi. Hakuna sehemu ya cheti inayotaja mambo hayo, kwa sababu cheti huorodhesha kilichohesabiwa.

Kwa hiyo ukiingia siku moja kwenye jengo lenye kibao cha kijani mlangoni, na likawa ni jengo lako, au ofisi yako, au hospitali ya mtaa wenu, omba uonyeshwe hesabu ya maji. Usianze na asilimia. Omba orodha ya masinki yaliyoachwa nje, na sababu iliyoandikwa mbele ya kila moja. Kisha nenda kwenye sinki la ngazini na ndoo ya lita 10, na saa.